Artichoki za Kaka

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nampigia simu kaka yangu, na mazungumzo yetu hayakuzidi dakika moja. Yeye anataja namba yake, nami nataja yangu. Sita nukta tisa, saba nukta nne, namna hiyo. Mwenye namba ndogo anamcheka mwenzake, tunakumbushana vidonge, tunakata. Hiyo ilikuwa sauti ya kwanza ya mtu kuisikia tangu niamke, na kuna siku ilikuwa ya kwanza na ya mwisho.

Tuna kisukari wote wawili. Tulikirithi kwa mama, yeye pamoja na utulivu wake, mimi pamoja na mdomo wake. Kaka ni fundi saa. Ana chumba cha kazi katika mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa basi, na chumba cha nyuma ndicho anacholala. Mkewe aliondoka zamani. Mimi nilikuwa mpishi wa kantini katika kiwanda cha magunia kwa miaka ishirini na tisa, na nilipostaafu nilikuwa nalisha watu mia mbili na thelathini kwa zamu. Mume wangu alifariki miaka minne iliyopita. Binti yangu ana familia yake mbali. Hunipigia Jumapili huku akiosha vyombo, nasikia sahani zinavyogongana. Simlaumu. Yaani namlaumu kidogo.

Ubaya wa mpishi wa kantini ni kwamba hajui kupika kidogo. Mkono wangu ukiingia kwenye mchele, unatoka na wa watu wanane. Nikibandika maharage, jirani wa juu anadhani nina wageni. Na kwa kuwa mama alitulea tusitupe chakula, nilikuwa nakula cha leo, cha jana na cha juzi, na sukari ikawa inapanda kama mtu mwenye shughuli zake huko juu. Kaka akafurahi sana kunishinda.

Tulikuwa na mapatano. Wa kwanza kushindwa kujipima mwenyewe atafunga virago ahamie kwa mwenzake. Aliyatoa yeye mapatano hayo, akidhani nitakayeshindwa ni mimi. Mimi niliyakubali kwa moyo mmoja, nikapaka rangi chumba cha pili. Sikumwambia. Nisifiche kitu: kuna asubuhi nilitamani ashindwe, anijie na masanduku yake na redio yake, nipate mtu wa kumgombeza kwa kuacha mlango wazi.

Badala yake namba zake zikawa nzuri ajabu. Sita nukta mbili. Sita nukta tatu. Sita nukta mbili tena. Nilikuwa naziandika kwenye kalenda ya jikoni, zake kwa wino wa bluu na zangu kwa mweusi, na ile bluu ilinyooka kama imepigwa rula. Mimi nilikuwa msema kweli. Kuna siku nilipunguza nukta mbili tatu, lakini nukta si uongo.

Nikamuuliza anakula nini. Akasema anakula artichoki.

Sikuwahi kuipika. Mia mbili na thelathini huwezi kuwalisha artichoki, watakupiga. Nilichojua ni kwamba ni tumba la ua lililofungwa bado, lina majani magumu yaliyopangana mfano wa magamba ya samaki, na kwamba hoteli huwauzia watu wasio na haraka. Kaka akanieleza kwa lugha ya kazi yake. Unaanza nje kuelekea ndani, hupindui utaratibu. Unakata ncha kwa kisu kikali, unapaka limau pale ulipokata ili pasiwe peusi, unachemsha mpaka jani la katikati ukilivuta litoke bila ubishi. Baada ya hapo unang'oa jani moja moja, unaliburuza kati ya meno, ile nyama kidogo ya chini inabaki mdomoni, na ganda unaliweka pembeni. Ukifika kwenye manyoya ya katikati, ndiyo mwisho, umemaliza.

Muuguzi wa kliniki nilimuuliza pia. Yeye alisema ni mboga nzuri, ina nyuzinyuzi nyingi, inashibisha bila kurusha sukari, na kwa mtu wa vipimo vyangu vya mchele itanisaidia. Halafu akaninyooshea kalamu: si dawa, nikiacha vidonge kwa sababu ya artichoki atanifuata mpaka nyumbani. Nilimwambia anakaribishwa.

Nilinunua mbili kwa mama muuza mboga anayepelekea hoteli. Ya kwanza ilinichoma kidole kabla hata sijaifikisha kwenye ubao, maana kila jani lina mwiba nchani. Kaka hakusema kuhusu miiba. Nikachukua mkasi nikaikata miiba yote, nikapaka limau, nikabandika kwenye sufuria yangu ndogo, ambayo inatosha watu thelathini. Dakika arobaini baadaye nilikuwa nimekaa mezani na kitu cha kijani kikinitazama.

Kantini yangu watu walikula kwa dakika ishirini, king'ora kikilia kijiko kinabaki hewani. Nilizoea hivyo. Artichoki haikubali. Unang'oa jani, unaburuza, unapata kiasi cha kuweka kwenye ncha ya kijiko cha chai, unarudi tena. Nusu saa ikapita. Ni chakula cha watu wawili wanaopiga soga, mmoja anang'oa huku mwingine anasema. Mimi nilikuwa na kiti cha mbele yangu, na kitini kulikuwa na mfuko wa vitambaa. Maganda yalijaa sahani mpaka yakazidi mzigo nilioanza nao. Nilipofika kwenye manyoya nikasimama, kama nilivyoambiwa, nikazoa kilichobaki nikakitupa.

Kisha nikanywa maji, na maji yakawa matamu.

Mtu mwenye kisukari akionja utamu asioutarajia, hashangai, anaogopa. Nikayamwaga. Nikaosha glasi kwa sabuni, nikachota mengine, matamu. Nikakimbilia kipima sukari, nikajichoma: nane nukta moja, hakuna cha ajabu. Nikalamba chumvi kuhakikisha ulimi upo. Mwishowe nikampigia muuguzi, naye akacheka mpaka nikasikia wenzake wakimuuliza kuna nini. Akasema ndivyo artichoki inavyofanya kwa baadhi ya watu, ulimi unadanganyika kwa muda, nisimwage maji ya watu.

Nilizipika mara mbili kwa wiki kuanzia hapo. Ile moja kwa mtu mmoja ilinifundisha kitu ambacho mchele haukuwahi kunifundisha. Ukiweka moja kwenye sufuria, utakula moja. Namba zangu zikaanza kushuka, polepole, huku za kaka zimekaa palepale kwenye sita.

Siku moja mama muuza mboga aliniuliza vile vitako navifanyaje, navikaanga au nakula na mafuta na limau. Nikamuuliza vitako gani. Alinitazama kwa huruma ya kweli. Akachukua artichoki moja, akaipasua katikati kwa kisu chake, akanionyesha: chini ya manyoya kuna kitako, kinene, cheupe, laini kikiiva. Unakwangua manyoya kwa kijiko, unakila chote. Alisema watu wananunua nzima kwa ajili ya hicho tu, majani ni ya kupotezea muda. Nilikuwa nimetupa vitako kumi.

Nilikula cha kwanza nimesimama jikoni, na niseme nini, kilikuwa kitamu kuliko vyote nilivyokula tangu nistaafu. Asubuhi iliyofuata, baada ya namba, nikamuuliza kaka yeye kile kitako anakila na nini. Nilikuwa najiandaa kumchamba kwa kunificha. Akauliza kitako kipi. Nikamweleza. Akasema aa, hicho, yeye hukitupa. Akakata simu haraka.

Nikabaki na simu mkononi. Kaka yangu hatupi kitu. Ana makopo manane ya skrubu ndogo kuliko chawa, kila kopo na lebo yake, na skrubu moja ikidondoka atatambaa chini ya meza mpaka aione. Mtu huyo hatupi nyama ya artichoki akala ganda. Tena hakuwahi kunitajia miiba. Hakunitajia maji matamu, na yeye akipata kiatu kipya anakieleza wiki nzima. Kaka hakuwa amekula artichoki hata moja.

Ningekuwa na akili ningeogopa. Mimi nilikasirika. Nilidhani ananidanganya ili anishinde, kwamba anakunywa chai yake ya vijiko vitatu huku ananihubiria mboga. Nikanunua artichoki nne, nikatia kwenye mfuko, nikapanda basi la asubuhi bila kumwambia. Ukweli mwingine ni kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimepata sababu ya kwenda mahali.

Mlango wa chumba chake cha kazi ulikuwa wazi. Meza yake, ambayo maisha yangu yote sijaiona bila saa iliyofunguliwa tumbo, ilikuwa imefunikwa shuka. Kaka alikuwa amekaa kando ya redio, amekonda, amevaa sweta aliyoigeuza. Aliposikia hatua zangu aliinua uso, lakini alitazama pembeni yangu kidogo, kama kuna mtu mwingine amesimama nyuma ya bega langu.

"Karibu, mteja," alisema. "Kama ni betri, nipe mkononi. Kazi nyingine nimepumzika kwa sasa."

Nilishindwa kusema. Mdomo wote huu niliorithi, nilishindwa. Nilitoa artichoki moja kwenye mfuko nikamwekea kiganjani.

Aliishika kama anavyoshika kila kitu, kwa ncha za vidole, akiizungusha. Mwiba ukamchoma. Akaipima uzito, akainusa.

"Nini hiki, ndugu yangu?" aliuliza. "Mbona kina miiba?"

"Hiyo ni artichoki, kaka," nikasema.

Aliiweka mezani taratibu, akaisukuma kidogo isije ikaanguka, akanambia nikae.

Alinieleza mwenyewe, bila kubembelezwa. Ukungu ulianza jicho la kulia, akafanya kazi kwa la kushoto. Kisha la kushoto. Kwanza ziliondoka skrubu, halafu mishale ya saa, halafu asubuhi moja alichukua kipima sukari akaona mwanga tu, bila namba. Nikapiga simu dakika ileile. Akasema sita nukta mbili, maana ndiyo namba aliyotamani. Nilipomuuliza anakula nini, siku chache baadaye, alikumbuka kipindi cha afya redioni, mama mmoja anaeleza namna ya kupika artichoki. Kipindi kilikatizwa na matangazo walipofika kwenye manyoya. Ndiyo sababu na yeye aliishia hapo. Alikuwa anakula mkate na chai, kwa sababu mkate haukatwi na chai unaweza kuipima kwa kidole.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Nilijua kwa nini. Nilitaka aseme.

"Kwako nitakuwa mgonjwa," alisema. "Hapa mimi ni fundi aliyefunga kidogo."

Hapo ningepaswa kunyamaza, nikachemsha maji, nikapika vile vitu vinne, nikamkwangulia manyoya, akala kwa vidole vyake ambavyo havihitaji macho. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Lakini mimi nilikuwa nawaza chumba nilichopaka rangi, na vile alivyopendelea giza na mkate kuliko mimi, na hasira ikanipanda. Nikavuta droo. Kipima sukari kilikuwa pale, na vijiti vyake, na damu kavu imegandia pembeni.

Mashine hizi zina kumbukumbu. Ukibonyeza kitufe cha kushoto zinakuletea vipimo vya nyuma, na tarehe, kimoja kimoja. Kaka alijua hilo. Alisikia kitufe kikilia.

"Kidole nilichoma kila siku," alisema. "Hapo sikukudanganya."

Kinyozi wa chumba cha jirani alikuwa amesikia sauti yangu akaja mlangoni, taulo begani. Ni mtu wa makamo, mpole, ndiye aliyekuwa anamnunulia mkate, na alijua habari yote akaombwa anyamaze. Nilimwona. Ningeweza kumwomba atuache. Badala yake nikapandisha sauti ili naye asikie. Nikasoma. Tarehe tatu, kumi na nne nukta sita. Tarehe nne, kumi na tano nukta nane. Tarehe tano, kumi na saba. Baada ya kila moja nilimwuliza kaka yeye aliniambia ngapi, kisha nikajijibu mwenyewe: sita na ushei. Tarehe sita. Tarehe saba. Nilisoma asubuhi arobaini na moja, mbele ya jirani yake, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kutaja majina kwenye foleni ya kantini. Kinyozi alitazama sakafu. Kaka alikaa wima, mikono magotini, kama mtoto anayesomewa ripoti ya shule.

"Umemaliza?" aliuliza.

Nikasema nimemaliza.

"Basi wahi basi la saa tisa. La mwisho hujaa."

Nilimwambia mapatano ni mapatano, afunge virago. Akasema hatakwenda popote nami. Nikalia, nikagombeza, nikalia tena. Alisubiri nimalize, kama alivyokuwa akinisubiri tukiwa wadogo, ila zamani alikuwa akinipa leso. Mwishowe nilikubaliana na kinyozi pale uani: yeye atampeleka hospitali kesho yake, na kila asubuhi atamsomea kipimo na kunitumia namba kwa ujumbe. Zile artichoki niliziacha mezani, juu ya shuka. Sijui zilifanywaje.

Hospitali ilikuwa kama nilivyotarajia. Jicho la kushoto ni mtoto wa jicho, linaweza kupasuliwa sukari ikishatulia. La kulia daktari hakuahidi kitu. Vidonge havitoshi tena, akaanzishiwa sindano, na kinyozi, ambaye mkono wake umezoea wembe, alifundishwa kuivuta dawa. Haya yote nilielezwa na kinyozi. Kaka hakupokea simu yangu. Nilipiga saa kumi na mbili na nusu, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga kesho yake, ikaita. Siku ya tatu nikaacha, kwa sababu nilijua amekaa hapo anaisikia.

Saa moja kamili ujumbe ulikuwa unaingia. "Kumi na tatu nukta mbili. Amekula." "Kumi na moja nukta nane. Amekula." Kinyozi si mtu wa maneno. Namba zilikuwa za kweli, zilikuwa zinashuka, nami nikaziandika kwa bluu kwenye kalenda. Nilipaswa kufurahi na nilifurahi, kisha nikaweka kalamu chini na siku ikawa haijaanza. Zamani nilikuwa na kaka mwongo anayenicheka kwa dakika moja kila asubuhi. Sasa nilikuwa na vipimo sahihi.

Kuna siku nilipitisha kutwa nzima bila kusema neno, na niligundua nilipotaka kumjibu mtu aliyekosea mlango, sauti ikatoka imekwaruza. Niliendelea kupika artichoki. Nilikuwa fundi wake sasa, nazijua zilizochumwa karibuni kwa kuzibana: ikilia chini ya kidole ni mbichi, nzuri. Nilikula majani yote, nikakwangua manyoya, nikala kitako kwa mafuta na limau, nikanywa maji yangu matamu. Ilichukua muda uleule. Siku moja nilikunja ule mfuko wa vitambaa nikauondoa kwenye kiti cha mbele, na kiti kikawa kibaya zaidi kikiwa kitupu, nikaurudisha.

Wiki ya tatu, nikiwa nasubiri maji yachemke, nilibonyeza kitufe cha kushoto cha mashine yangu mwenyewe. Sikuwa na nia yoyote, mkono tu. Ikanipa kipimo cha jana. Nikabonyeza tena. Nikafika kwenye zile siku arobaini na moja, nikatazama ukutani kwenye kalenda, kwenye wino mweusi, yaani zile nilizomwambia.

Nilikuwa nimesema nukta si uongo. Hazikuwa nukta. Siku niliyomwambia saba nukta tano, mashine ilisema tisa nukta tisa. Siku niliyomwambia nane, ilisema kumi na mbili. Nilipunguza kusema uongo pale tu zile artichoki zilipoanza kunisaidia. Nilihesabu mara mbili. Kati ya asubuhi arobaini na moja, nilimdanganya kaka yangu kumi na tisa, na macho yangu ni mazima.

Sufuria ilikauka nikaiacha ikanuka.

Kesho yake sikupiga simu ya kaka. Nilisubiri saa moja, muda ambao najua amekaa kwa kinyozi anachomwa kidole, nikampigia kinyozi. Nikamwomba afungue sauti kubwa aiweke simu juu ya meza ya vioo, na yeye mwenyewe asiondoke. Alisema ana mteja kitini. Nikamwambia mteja naye asikilize, hakuna ubaya.

"Kaka," nikasema, "huna haja ya kujibu. Tarehe tatu nilikuambia saba nukta tatu. Ilikuwa tisa nukta moja."

Kule nilisikia mashine ya kunyolea ikinguruma. Nikaendelea. Tarehe nne ilikuwa kweli, nikaisema pia. Tarehe tano, uongo. Tarehe sita, uongo. Nilisoma kwa sauti ileile ya foleni mwanzoni, kisha ikanishuka, kwa sababu ni kazi ngumu kusoma mambo yako mbele ya watu usiowaona nyuso. Nilitaka kuruka baadhi. Nilipofika tarehe kumi na tisa nilisimama kabisa.

"Tarehe kumi na tisa nilikuambia sita nukta moja. Ulikasirika, unakumbuka, kwa sababu nilikuwa nimekushinda. Ilikuwa kumi na sita nukta nne."

Ikaja sauti ya kaka, mbali kidogo na simu.

"Ulikula nini?"

"Keki."

"Kumi na sita kwa keki?"

"Nilinunua ya watu kumi na wawili. Ndiyo ndogo niliyoona."

"Kulikuwa na nini siku hiyo?"

Nilimwambia. Ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa ya sitini na tano. Binti alikumbuka siku ya pili yake. Yeye kaka hakukumbuka kabisa, na mimi sikumlaumu, kichwa chake kilikuwa na mambo yake. Nilikuwa nimewasha mshumaa mmoja, nikauzima, nikakata kipande, kisha kingine, na kwa kuwa chakula hakitupwi nikaimaliza kuanzia mchana hadi jioni, nimekaa mezani na mfuko wa vitambaa. Nilisema yote hayo kwa mkupuo, nikasikia jinsi yalivyo, nikataka kukata simu.

"Ulikula na nani?" kaka aliuliza.

Nilijaribu kusema peke yangu. Ikatoka nusu, nikarudia, sina hakika kama ilifika. Ile mashine ya kunyolea ilikuwa bado inanguruma juu ya kichwa cha mtu.

"Zima kwanza hiyo mashine," kaka alimwambia kinyozi. "Simsikii dada yangu."